Chapa ya Kitenge Si Chimbuko la Mkusanyiko

Kila wanafunzi wa ubunifu wa mavazi wanapoonyesha kazi zao za kuhitimu, hakosekani mgeni anayeuliza, kwa nia njema kabisa, mbona vazi fulani halina Uafrika, akimaanisha kwamba halikushonwa kwa kitenge. Safari hii aliyeuliza ni mmoja wa waliopewa kazi ya kutoa alama, nami nimeona heri nijibu kwa maandishi. Kwa maoni yangu, imani kwamba chimbuko la mkusanyiko, yaani kundi la mavazi ambayo mbunifu huyatoa kwa pamoja, ni chapa ya kitambaa, ile michoro iliyochapwa juu yake, inadumaza vipaji vingi kuliko uhaba wa cherehani.

Historia ya kitenge nitaipitia haraka. Uchapaji kwa nta uliigwa na Waholanzi kutoka kwenye batiki ya Java, na kiwanda cha Vlisco cha Helmond, kilichoanzishwa mwaka 1846, kingali kinauza vitambaa hivyo Afrika. Sikikatai kitenge, maana tumekivaa hadi kimekuwa chetu. Ninachokataa ni mwanafunzi kukata gauni lile lile la bega moja lililokatwa na darasa zima, kisha akaandika kwenye maelezo yake kwamba amevutiwa na utamaduni wetu. Utamaduni upi, na uko wapi katika mshono?

Mwanafunzi wangu mmoja alileta darasani kanzu kuukuu ya babu yake, akaifumua mshono baada ya mshono na kuvitandaza vipande vyake mezani. Badani, vile vipande vikubwa vya mbele na nyuma, zilikuwa zimenyooka, bila kubanwa kiunoni. Taharizi, vile vipande virefu vya ubavuni, zilianza nyembamba karibu na kwapa, zikapanuka kuelekea upindoni. Kikwapa, kile kipande kidogo cha pembe nne, kilikuwa kimeshonwa kimshazari pale mkono unapokutana na ubavu, na ndicho kinachomwezesha mvaaji kuinua mikono kwa takbira bila vazi kumbana. Kwa kuwa karibu kingo zote zimenyooka, fundi hupanga taharizi moja ikitazama juu na nyingine ikitazama chini, hivyo vitambaa vinavyobaki sakafuni huwa haba mno. Kutokana na hesabu hiyo mwanafunzi alishona koti la kazi la dengrizi, lisilo na chapa wala darizi, lenye taharizi ndefu na kikwapa kilichokuzwa makusudi hadi kikaonekana kila mvaaji alipoinua mkono. Hilo ndilo koti lililoulizwa kitenge chake kiko wapi, ilhali katika onyesho zima hapakuwa na vazi lililokuwa na deni kubwa zaidi kwa pwani yetu. Ninapomuuliza mwanafunzi chimbuko la kazi yake, nataka anionyeshe mahali ambapo mkasi ulibadili njia kwa sababu ya kile alichokichunguza. Asipoweza kuonyesha, alichonacho ni pambo.

Khanga nayo huteswa kwa namna hiyo hiyo. Ni kitambaa kilichokamilika, chenye takriban sentimita 150 kwa 110, chenye pindo pande zote nne, mji katikati, na jina, yaani yale maneno yaliyochapwa. Anayeikata kama kitambaa cha mita hulikata jina vipande viwili na kuliacha pindo likiangukia kwapani, kisha hulalamika kwamba doti haikutosha. Anayeanza kwa kuamua pindo likae wapi na jina lisomwe upande gani ataona khanga yenyewe inamwelekeza ukataji, na mara nyingi inamkataza kukata.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa mbunifu wa mavazi Laduma Ngxokolo, kwa sababu alianza akiwa bado mwanafunzi huko Port Elizabeth, Afrika Kusini. Kijana wa Kixhosa akitoka jandoni huachana na nguo zake za zamani na kuvaa mpya za heshima kwa miezi kadhaa, na kwa muda mrefu sweta walizonunua vijana hao zilikuwa za kampuni za Ulaya. Ngxokolo, aliyepitia jando hilo mwenyewe, mwaka 2010 aliigeuza michoro ya shanga za Kixhosa kuwa ufumaji wa sufu ya merino na manyoya ya mbuzi wa Angora, na humo ikazaliwa kampuni yake ya mavazi, MaXhosa. Michoro imo, na ni mizuri, lakini iliitwa na swali la kijana aliyetoka jandoni avae nini.

Yapo ninayoyatilia shaka. Vitabu hupanga kazi kwa hatua: utafiti, michoro, kitambaa, ukataji. Mimi nimewaona wanafunzi wazuri wakianzia kwenye kukata na kuja kutambua baadaye walikuwa wanatafuta nini, kiasi kwamba sina hakika tena kama maelezo yaliyoandikwa yanastahili alama. Sina hakika pia kama mtazamaji asiyekijua kikwapa anatakiwa kufundishwa, au kama koti likimkaa vizuri linatosha. Tena wapo wazee wanaoona kwamba vazi linalovaliwa msikitini halifai kufumuliwa ili lizae koti la mtaani, nami sijapata jibu la kuwaridhisha. Mwanafunzi yule alimwomba babu yake ruhusa kabla ya kushika mkasi, na sasa nalidai hilo kwa kila anayeleta darasani vazi la mtu.