Onyo la PowerPoint si virusi, na dawa yake si kuzima ulinzi

Onyo likitokea kwenye projekta, mtu wa kwanza atasema laptopu ina virusi, na wa pili atasema zima antivairasi tuendelee. Wiki hii nimeyasikia yote mawili kwa mpigo katika semina ya wavuvi hapa Lamu, tena kutoka kwa watu waliosoma, na nimechoka kuyajibu mdomo kwa mdomo.

PowerPoint inapokuonya haijakagua virusi. Haijui faili yako ni safi au chafu. Inajua faili imetoka wapi, au inataka kugusa kitu gani nje ya slaidi, basi. Ukipakua faili kutoka kwenye barua pepe au tovuti, Windows huibandika alama iitwayo Zone.Identifier, na ndani yake huandikwa namba 3, yaani intaneti. PowerPoint ikiikuta alama hiyo hufungua faili kwa kusoma tu na kukuwekea ule mstari wa manjano juu. Ni kama mhuri wa forodha: unasema mzigo umetoka nje, hausemi ndani mna nini.

Sasa linaloniudhi ni hili. Alama ile hukaa kwenye diski ya NTFS, mpangilio wa kuhifadhi faili ambao ndio uliomo katika laptopu za Windows. Flashi nyingi zimefomatiwa kwa mipangilio mingine, FAT32 au exFAT, na huko alama haina pa kukaa. Ukiinakili faili kwenye flashi, alama inapotea njiani. Basi mwalimu anafungua faili ileile mara mbili, ya barua pepe inatoa onyo, ya flashi haitoi, naye anakata shauri kwamba flashi ni safi na barua pepe ndiyo yenye virusi. Hakuna hata moja kati ya hayo lililothibitika! Flashi iliyochomekwa kwenye kila saiba ya mitaa yetu ya Langoni na Mkomani ndiyo ya kuogopwa zaidi, na PowerPoint kuinyamazia si cheti cha usafi. Ipige skani kwa antivairasi, ileile mnayotaka niizime.

Makro, yaani vijiprogramu vinavyopachikwa ndani ya faili, nitapita haraka. Tangu 2022 Microsoft huzuia makro za faili yenye alama ya intaneti. Mstari unakuwa mwekundu na kitufe cha kuruhusu hakipo. Watu wanatafuta mtandaoni, wanafundishwa kuingia Trust Center, mipangilio ya usalama ya Office, na kuruhusu makro zote za dunia. Msifanye hivyo. Kama aliyeitengeneza unamjua na makro zinahitajika kweli, bonyeza faili kwa kitufe cha kulia, fungua Properties, weka tiki kwenye Unblock. Umeifungulia faili hiyo moja tu. Ila slaidi nyingi ninazoletewa hazina haja ya makro, zihifadhi kama .pptx, ambayo haibebi makro kabisa.

Turudi kwenye semina. Ofisa amefika kwenye slaidi ya uvuvi wa pweza, akabonyeza picha ili video icheze, sanduku la onyo likakaa katikati ya ukuta na ukumbi mzima unalisoma.

"Bwana Ofisa, video yenyewe iko wapi?"

"Imo humo humo kwenye slaidi, fundi."

Haikuwamo. Nikambonyezea kitufe cha kulia juu ya picha, tukakiangalia kiungo pamoja: njia inaanza na C:\Users, inafuata hadi kwenye folda ya kompyuta ya ofisini kwake, ng'ambo bara. PowerPoint ilikuwa inataka kutoka nje ya slaidi kwenda kuifungua faili nyingine, na kabla ya kutoka ikauliza. Hata angekubali, video isingeonekana, kwa sababu haikuvuka maji pamoja naye. Dawa ni kuingiza video ndani ya slaidi, si kuiwekea kiungo. Chati za Excel nazo ni hivyo hivyo: ukiulizwa usasishe viungo na faili yenyewe ya Excel hunayo, bonyeza Cancel, chati itabaki ilivyohifadhiwa mwisho. Ukitaka swali lisirudi, nenda File, kisha Info, chini kulia utaona Edit Links to Files, vunja kiungo. Kama kitufe hicho hakionekani, faili haina viungo vya namna hiyo.

Kijana mmoja pale akataka kuingia kwenye rejista, hifadhi ya mipangilio ya ndani ya Windows, aandike DisableHyperlinkWarning ili onyo la viungo lizimwe. Nikamkataza. Mwaka 2017 ilisambazwa faili ya PowerPoint isiyo na makro hata moja. Slaidi yake ilikuwa na maneno "Loading... Please wait", na ukipitisha kipanya juu yake, bila hata kubonyeza, inaita PowerShell, programu ya Windows ya kutekeleza amri, ipakue programu hasidi. Kilichosimama katikati ni sanduku la onyo. Aliyezoea kubonyeza Enable bila kusoma ndiye aliyeumia.

Vitabu husema fungua tu faili ya mtu unayemwamini. Sawa, lakini unayemwamini naye huibiwa akaunti, naye hupewa flashi na mtu. Mgeni rasmi ameshakaa, watu wanatazama saa, mimi sina kipimo cha uhakika. Huwa nampigia simu mwenye faili aniambie makro ni za kazi gani. Asipojua, slaidi zitaonyeshwa bila makro, na lawama nitabeba.

Vile vibango vya pembeni kulia, "laptopu yako ina virusi, lipa sasa", havihusiani na PowerPoint. Ni tovuti uliyoiruhusu ikutumie arifa kwenye Chrome. Ingia kwenye mipangilio ya arifa za tovuti, uifute. Na usiitegemee Windows 10 ikunyamazishie arifa yenyewe: Focus assist, kizuia arifa chake, hujiwasha skrini mbili zikionyesha kitu kimoja, yaani Duplicate. Wewe unayetumia Extend, yaani kila skrini na kitu chake, ili usome maelezo yako kwenye laptopu hauhusiki na kanuni hiyo. Iwashe kwa mkono kabla hujachomeka waya wa projekta, HDMI. Kwenye Windows 11 itafute kwa jina la Do not disturb.