Gauni la Karatasi: Dhana Potofu Zinazolichana Kabla Halijavaliwa

Msimu wa mahafali na maonyesho ya mitindo shuleni ukifika, magauni ya karatasi huchanika jukwaani na lawama zote huangukia karatasi. Si haki. Kosa karibu kila mara limefanyika mapema, mezani, pale karatasi ilipokatwa na kushonwa kana kwamba ni kitambaa.

Dhana ya kwanza ni kwamba vazi la karatasi ni la kupigia picha tu. Mwaka 1966 kampuni ya Scott Paper ya Marekani iliuza gauni la karatasi kwa dola 1.25, kwa njia ya posta, ili kutangaza bidhaa zake za mezani. Watu wakaagiza karibu nusu milioni. Karatasi ile ilikuwa na wavu mwembamba wa nyuzi ndani yake, ndiyo maana ilistahimili mwendo wa mwili. Wajapani wametangulia kwa karne nyingi: vazi lao la karatasi, kamiko, bado huvaliwa na watawa wa hekalu la Todai-ji mjini Nara katika ibada ya Shuni-e kila mwaka. Karatasi yake hutokana na nyuzi ndefu za gome la kozo, ndugu wa mforsadi. Hupakwa gundi ya kiazi cha konnyaku, kisha hufikichwa mpaka ilainike.

Kufikicha huko kunajibu dhana ya pili, kwamba karatasi nene ndiyo imara. Manila ni nene, lakini haikubali kupinda. Ukikaa tu, inavunjika kiunoni, na ufa ukishaanza hausimami. Mimi nachagua karatasi ya kaki, ile ya kufunikia madaftari, kwa sababu namna inavyotengenezwa huziacha nyuzi za mti na nguvu zake. Ifinye iwe donge, ikunjue, rudia mara nyingi. Itapoteza ugumu kidogo, lakini itaanguka vizuri mwilini na haitapiga kelele kila ukipiga hatua.

"Nitakata kwa vipimo vilevile vya gauni la kitambaa." Hapa ndipo magauni mengi hufia. Kitambaa kina nyuzi zilizofumwa, zinazosogea. Ukikikata mshazari kinavutika na kufuata umbo. Karatasi haivutiki hivyo, uikate upande wowote utakao. Ukinyoosha mikono mbele, mgongo hupanuka, na kwa kuwa karatasi haina pa kwenda, inachanika kwapani. Kwa hiyo acha nafasi ya ziada mgongoni na kifuani, shusha tundu la mkono, na kama lazima mikono iwepo, ishike juu ya bega tu, chini ya kwapa pabaki wazi. Gauni lifunguke mgongo mzima na lifungwe kwa tepe za kitambaa za kupiga fundo; vazi la karatasi halivaliwi kwa kupitishia kichwani. Kila kona ya ndani ikatwe kwa mviringo, maana kona kali ndiyo mlango wa mchaniko. Kabla ya kupamba chochote, mvaaji akae kwenye kiti na ajikumbatie. Likipita hapo, litapita jukwaani.

Wengi pia hudhani karatasi ni sawa pande zote. Karatasi ya kiwandani ina mwelekeo, kwa sababu nyuzi nyingi hulala kufuata mwendo wa mashine. Chana kipande: upande mmoja mchaniko unanyooka, upande mwingine unakwenda ovyo. Ule ulionyooka ndio mwelekeo wa nyuzi. Marinda yakikunjwa kuufuata hutoka safi bila kupasuka. Ila sketi hiyo itachanika kirahisi kuanzia chini kwenda juu, basi bandika selotepu ya karatasi kwa ndani, pindo zima.

Cherehani nayo haiharibu karatasi. Kinachoharibu ni mishono ya karibu karibu, inayotoboa mstari kama ule wa kukatia stempu. Weka mshono mrefu, kama milimita 4, bandika selotepu ya karatasi chini ya mstari, na usirudi nyuma mwishoni; funga uzi kwa mkono. Sindano hiyo itakuwa butu, usiirudishe kwenye hariri.

Kupuliza vanishi hakulifanyi gauni lisiogope maji. Vanishi hukaza karatasi, ikavunjika kwenye mikunjo, na jasho hutokea ndani. Karatasi ya kawaida ikilowa hupoteza zaidi ya sehemu tisa za kumi za nguvu yake. Fulana nyepesi ya pamba chini ya gauni inasaidia kuliko kopo zima la vanishi.

Gazeti linafaa kwa jaribio la kwanza tu: ni dhaifu, na wino wake huhamia kwenye ngozi. Mfuko wa saruji ni imara kweli, lakini vumbi lililobaki likikutana na jasho linaunguza ngozi. Usimvishe mtoto.

Na moto. Hakuna rangi wala gundi ya dukani inayogeuza karatasi kuwa salama karibu na mshumaa, jiko au fataki za keki. Anayevaa akae mbali navyo, na tepe za mgongoni zifungwe kwa fundo la kuvuta mara moja, ili gauni liweze kuvuliwa kwa sekunde chache.