Uainishaji wa mikondo ya data kwenye swichi: maana yake

Fika ufuo wa Dunga, Kisumu, boti zikirudi. Samaki huchambuliwa kwanza: mbuta kando, ngege kando, omena kwenye beseni zao. Hakuna samaki anayeongezeka kwa kuchambuliwa, ila barafu ni chache, na omena wa kuanikwa hahitaji barafu.

Swichi ni kifaa kinachounganisha kompyuta, simu na vifaa vingine vya ofisi kwenye mtandao. Swichi inayosimamiwa, yaani ile unayoingia kwa nenosiri ukapanga mambo yake, ina kazi kama hiyo. Data husafiri kwa vifurushi vidogo viitwavyo pakiti. Swichi husoma kichwa, yaani maelezo ya mwanzo, cha kila pakiti inayoingia na kuamua ni ya kundi gani. Huo ndio uainishaji. Mkondo, nao, ni pakiti zote zinazofanana kwa vitu vitano: anwani ya IP inakotoka, ya inakokwenda, namba za poti (zinazoonyesha data ni ya programu gani) za pande zote mbili, na itifaki, yaani utaratibu wa kusafirisha data, kama TCP au UDP. Ukipiga simu ya mtandao kutoka Kisumu kwenda tawi la Nakuru, sauti yako ni mkondo mmoja na ya mwenzako ni mwingine.

Swichi huitambua pakiti kwa kanuni alizoandika fundi (VLAN, yaani mtandao mdogo uliotengwa ndani ya mtandao mkubwa; anwani ya MAC, yaani ile ya kifaa chenyewe; IP; namba ya poti) au kwa alama ambayo pakiti imekuja nayo. Alama ziko mbili. Moja hukaa kwenye lebo ya VLAN, ambayo kiwango chake huitwa 802.1Q: biti 3, thamani 0 hadi 7. Lebo ikivuliwa, alama imekwenda nayo. Nyingine ni DSCP, biti 6 ndani ya kichwa cha IP, 0 hadi 63, nayo inaweza kuvuka ruta. Sauti ya simu kwa kawaida hubeba 46.

Tatizo ni kwamba alama huandikwa na mtumaji. Kompyuta yoyote inaweza kujivika 46 na kujifanya simu. Mimi huiambia swichi iamini alama zinazoingia kwa matundu yaliyochomekwa simu tu. Kwingine kote DSCP hurudishwa 0.

Kanuni legelege ni balaa vilevile. Ofisi moja ya Nakuru iliniita kwa sababu sauti za simu zilikuwa zikikatika kila asubuhi. Nikakuta kanuni inayosema UDP yote ni sauti. Kamera za ulinzi nazo zilikuwa zikituma video kwa UDP, kwa hiyo zilijazana kwenye foleni ya simu. Nikaifunga kanuni kwenye VLAN ya simu peke yake, sauti zikaacha kukatika.

Usitarajie uainishaji uongeze kasi. Nani atangulie huamuliwa na foleni, na laini isipojaa hutaona tofauti yoyote. Kujua kama kanuni inafanya kazi, tazama kihesabu chake cha pakiti, maana swichi nyingi huwa nacho. Piga simu, endelea kuzungumza huku ukikiangalia. Kisipopanda, sauti yako inaingia kundi jingine.