Usomaji chipukizi ni nini? Mtoto anaanza kusoma kabla hajajua herufi

Ukimuuliza mzazi wa huku Mwanza mtoto anaanza kusoma lini, wengi watakwambia akiingia la kwanza, au chekechea kama hela ipo. Sasa usomaji chipukizi ni yale yote yanayotangulia hapo, yaani kila kitu ambacho mtoto ameshakijua kuhusu maandishi wakati hata a haijui ikoje. Wazo lenyewe lilitokea New Zealand mwaka 1966, kwa mtafiti anaitwa Marie Clay. Kabla yake wataalamu wengi wa kizungu walikuwa wanaamini kuna umri wa mtoto kuwa tayari kusoma, usipofika basi mwache acheze tu.

Chukua mtoto wa miaka 4 kapakatwa kwenye daladala, konda anaita Igoma Igoma Igoma, na yeye kila siku anaona kale kaubao pale mbele kwenye kioo, siku ya siku anakinyooshea kidole anasema mama pale wameandika Igoma. Hajasoma herufi hata moja, kakariri umbo tu. Lakini kashaelewa jambo zito kweli, kwamba ile michoro inasema kitu, na kesho itasema kilekile.

Kuna mwanamama mwingine, Emilia Ferreiro wa Argentina, yeye na mwenzake Ana Teberosky walichapisha utafiti wao mwaka 1979, waligundua watoto wadogo wana nadharia zao kuhusu maandishi na wala hakuna aliyewafundisha. Mojawapo ni kwamba kitu kikubwa lazima jina lake liwe refu. Jaribu nyumbani, muulize mtoto kwenye karatasi lipi litakuwa refu, sato au dagaa? Asiyejua kusoma anaweza kukuambia sato bila wasiwasi, si ndio samaki mkubwa jamani, na akili yake iko sawa kabisa, ni vile tu hajajua kwamba maandishi yanafuata sauti hayamfuati samaki. Baadaye anafika hatua ya kuweka herufi moja kwa kila silabi, sato anaandika AO. Mzazi anaona mtoto hajui kitu! Kumbe kahesabu silabi mbili na kasikia irabu zote mbili, hiyo ni kazi kubwa.

Na hapo kwenye kusikia ndio penye kiini, mtoto atambue kwamba neno linakatika vipande. Kwenye Kiswahili tuna dawa ya bure, ule mchezo wa kinyume, samaki inakuwa kisama, nyumba inakuwa mbanyu. Mtoto anayeongea kinyume haraka haraka na wenzake uwanjani ameshajua kukata silabi na kuzipanga upya, ikija ba be bi bo bu ubaoni anakuta ni jambo analolijua, kinachobaki ni sura za herufi. Kugeuza b ikawa d au kuandika s kinyumenyume ni kawaida tu mpaka miaka 7 hivi, usimchape kwa hilo.

Kwenye herufi zenyewe nisikae sana, Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa, irabu ni 5, kinachosumbua ni vitu kama ng'ombe na ile alama yake ambayo hata watu wazima wanairuka. Kiingereza ndio shida. Utafiti wa Ulaya wa 2003 ulilinganisha watoto mwisho wa mwaka wa kwanza shuleni, wa Finland, ambao lugha yao inaandikwa inavyosikika, walisoma sawasawa maneno kama 98 kati ya 100, wale wanaosoma kwa Kiingereza kule Scotland kama 34. Kwa hiyo aliyempeleka mwanae English medium asishangae wa jirani shule ya serikali akitangulia kusoma, huyo wa kwake kapewa mlima mrefu zaidi.

Ila wepesi huu wa Kiswahili una mtego wake. Mwaka 1986 watafiti wawili, Gough na Tunmer, waliliweka suala la kusoma kama hesabu: kusoma ni kutamka maandishi mara kuelewa lugha. Ni kuzidisha sio kujumlisha, kimoja kikiwa sifuri jibu ni sifuri. Mtoto wa Magu au Misungwi ambaye nyumbani ni Kisukuma mwanzo mwisho anaweza kukusomea ukurasa mzima wa Kiswahili bila kukwama, mwalimu anampa vema, umuulize hao watu walienda wapi anakuangalia tu. Huyo kuongezewa silabi hakumsaidii. Anahitaji stori, aongeleshwe, aulizwe unadhani kitafuata nini, na bibi akimsimulia kwa Kisukuma nayo inahesabika, maana kufuatilia kisa na kubashiri mbele anajifunza kwa lugha yoyote, kisha maneno ya Kiswahili yanapandwa juu yake.