Je, wajua kwa nini nyumba mbili zenye kodi sawa hazimpi mwenye nyumba faida sawa?

Chukua nyumba mbili za kupangisha: vyumba sawa, kodi sawa, wapangaji wote wanalipa kwa wakati. Mwisho wa mwaka moja imemwachia mwenyewe akiba, nyingine imemla. Mara nyingi jibu liko ukutani, kwenye mita. Bili inakuja kwa jina la nani?

Umeme na maji vikiwa ndani ya kodi, mpangaji hana sababu ya kuhesabu. Anaoga mpaka tangi lipoe, anasafiri hita ikiwaka. Si ubaya, gharama usiyoiona huihurumii. Mpangaji akijilipia bili mwenyewe, mwenye nyumba naye hujisahau: hununua hita ya bei ya chini kuliko zote, maana bili haimuumi yeye. Naona hilo ni kosa kubwa. Mpangaji aliyechoshwa na bili huhama, na nyumba tupu haileti kodi.

Kitu cha kwanza kukitazama ni maji ya moto. Kupasha lita 100 kutoka nyuzi 20 hadi 60 za Selsiasi huhitaji takriban uniti 4.65 za umeme, yaani kilowati-saa 4.65, hata kabla ya kuhesabu joto linalopotea njiani. Umeme huo ungewasha taa ya LED ya wati 9, saa tano kila usiku, kwa zaidi ya siku 100. Kwa hiyo kugombana na mpangaji kwa ajili ya taa ya barazani ni kupoteza muda. Livishe tangi koti la kuzuia joto, funika na bomba la maji ya moto, kwa sababu tangi hupoteza joto usiku na mchana hata asipooga mtu. Ila usishushe joto la tangi ovyo: maji ya uvuguvugu hulea bakteria wa Legionella, wanaoleta ugonjwa wa mapafu, na ndiyo maana hushauriwa yahifadhiwe kwenye nyuzi 60 hivi. Penye wapangaji wengi, fikiria pampu ya joto. Hiyo huvuta joto kutoka hewani, na kwa uniti moja ya umeme yaweza kutoa joto la uniti tatu hivi. Bei yake ya kununua ni kubwa, lakini wingi wa watumiaji huirudisha.

Kwenye maji, mwizi mkubwa ni tangi la choo. Mpira wa chini ukichakaa, maji huteremka kimyakimya mchana kutwa. Tia matone ya rangi ya chakula ndani ya tangi, usivute maji kwa nusu saa, kisha chungulia bakuli. Ukiona rangi, badilisha mpira.

Na kabla hujanunua nyumba, omba bili za miezi 12, kwani bili ya mwezi mmoja huficha majira ya baridi. Hesabu mita. Ikiwa ni moja kwa wapangaji wote, gharama ya kumwekea kila mpangaji mita yake iingie kwenye bei unayotaja. Pasipowezekana, weka mita ndogo, ya kupima matumizi ya kila mlango nyuma ya mita kuu, ukishaangalia sheria ya eneo inaruhusu nini kuhusu kuwatoza wapangaji umeme. Mali bila daftari hupotea bila habari: siku mpangaji anapoingia, someni mita pamoja, mpige picha, muandike namba kwenye mkataba, nyote wawili mtie sahihi.