Maneno ya Forth: kamusi unayoipokea na ya kwako

Anayeanza kujifunza lugha ya programu ya Forth huulizia kwanza orodha ya maneno yake, yaani amri zake, akidhani akishayakariri kazi imekwisha. Orodha ipo: kiwango cha Marekani cha mwaka 1994 kilitaja maneno 133 kuwa kiini cha lugha. Kuyakariri, hata hivyo, hakumfikishi mtu mbali. La kushika mapema ni kile ambacho kila neno linakikuta kwenye staki na kile linachokiacha.

Staki ni rundo la namba: iliyowekwa mwisho ndiyo hutoka kwanza. Kwa hiyo namba hutangulia na alama ya hesabu hufuata. Ukiandika 3 4 + 5 * . utapata 35, bila mabano yoyote. Nukta ile ya mwisho nayo ni neno. Hutoa namba ya juu na kuichapisha.

Wengi hukwama kwenye maneno ya kupanga rundo. DUP hurudufu namba ya juu, DROP huitupa, SWAP hubadilisha nafasi za mbili za juu, OVER hunakili ya pili na kuiweka juu, ROT huipandisha ya tatu ije juu. Matano hayo, kwa maoni yangu, yafanyiwe mazoezi kwa kalamu na karatasi kabla ya kugusa kibodi. Tazama:

: MRABA DUP * ;
: JUMLA MRABA SWAP MRABA + ;

Nukta pacha huanzisha neno jipya, nukta mkato hulifunga. Sasa andika 3 4 JUMLA . na ufuatilie rundo. Juu kuna 4, chini yake 3. MRABA inageuza 4 kuwa 16. SWAP inaileta 3 juu, MRABA inaifanya 9, kisha + inatoa 25.

Tangu hapo MRABA imo kwenye kamusi, yaani orodha ya maneno ambayo mfumo unayajua, pamoja na DUP, na huitwa vilevile. Charles Moore, aliyeibuni lugha hii na kuitumia kuongoza darubini ya redio huko Kitt Peak, Arizona, mwanzoni mwa miaka ya 1970, alikuwa na kompyuta zenye kumbukumbu ndogo mno. Kujenga maneno juu ya maneno kulimfaa.

Nafasi kati ya maneno ni lazima. Hata mabano yanayofungua maelezo ni neno, kwa hiyo ukiyabana na herufi inayofuata, mfumo utatafuta neno lisilokuwepo na kulalamika. Hilo ni dogo. Kubwa ni alama ya mshangao, ambayo huandika namba kwenye anwani ya kumbukumbu uliyoitaja. VARIABLE JOTO 31 JOTO ! huhifadhi 31, na JOTO @ . huisoma. Ukikosea anwani, mifumo mingi haikuzuii. Inaandika tu, na hitilafu utaiona baadaye, mahali pengine kabisa.

Kamusi hutafutwa kabla mfumo haujajaribu kusoma namba. Hivyo : 2 3 ; ni tamko halali, na baada yake 2 2 + . huchapisha 6. MRABA nayo unaweza kuitangaza upya, ila JUMLA itaendelea kutumia ile ya zamani mpaka uitangaze JUMLA upya pia.