Tiba shufaa ni nini, na inafanyikaje nyumbani?

Kuna maneno ambayo familia nyingi za huku Kusini mwa Tanzania zimeambiwa mlangoni mwa wodi: "Mrudisheni nyumbani, akapumzike." Yanasemwa kwa upole. Familia inakodi gari, mgonjwa analazwa kiti cha nyuma na mto chini ya kichwa, na kutoka mjini hadi Nanyamba hakuna anayefungua mdomo. Kila mmoja ameelewa kwamba tiba imekwisha na kilichobaki ni kungoja.

Ipo tiba ya wakati huo, na ina jina: tiba shufaa. Wengine husema huduma shufaa. Neno lenyewe si geni kwetu watu wa pwani. Aliyepita madrasa anajua kuwa shufaa ni uombezi, yaani mtu kusimama upande wa mwenzake wakati ambao hawezi kujisimamia. Hospitalini limepewa kazi inayofanana na hiyo. Tiba shufaa ni huduma kwa mtu mwenye ugonjwa unaotishia uhai wake, na shabaha yake ni mateso yanayoletwa na ugonjwa huo: maumivu, kubanwa pumzi, kichefuchefu, vidonda, kukosa usingizi, hofu, na hata mzigo unaowaangukia wanaomuuguza. Shirika la Afya Duniani linaeleza wazi kwamba huduma hii haiharakishi kifo wala haikicheleweshi.

Watu hukosea wanapodhani ni tiba ya siku za mwisho tu. Mama mwenye saratani ya mlango wa kizazi anayekwenda kupigwa mionzi kwenye hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, anaweza kuanza tiba shufaa siku ileile anapoambiwa ugonjwa wake, akaendelea na vyote viwili. Na si ya saratani peke yake. Mwenye moyo uliochoka, mwenye figo zilizofeli, aliyepooza kwa kiharusi, anayeishi na virusi vya UKIMWI, mtoto mwenye seli mundu anayelia mifupa usiku kucha, wote wanahusika. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, watu milioni 56.8 duniani wanaihitaji kila mwaka, na wanaoipata ni kama asilimia 14 tu.

Aliyeipa sura tunayoijua leo ni Cicely Saunders, aliyeanza kama muuguzi na baadaye akawa daktari. Mwaka 1967 alifungua London hospitali ya kuwatunza wagonjwa wasioweza kupona. Yeye alifundisha kwamba maumivu ya mgonjwa wa namna hii yana sehemu nne zilizofungamana: mwili, moyo, mahusiano yake na watu, na imani yake. Ukitibu moja ukaziacha tatu, dawa itaonekana haifanyi kazi.

Hilo huku kwetu linaeleweka bila shida. Chukua mzee wa Tandahimba mwenye saratani ya tezi dume. Dawa ya maumivu imeongezwa mara mbili na bado halali. Muuguzi anakaa naye mkekani, anamuuliza kwa utaratibu nini hasa kinachomkesha. Mzee anasema ni mikorosho. Kwa mila za upande wa mama, wapwa wanaweza kudai shamba. Yeye anataka watoto wake nao wapate, maana ndio waliopalilia na kupuliza dawa miaka yote. Anaona ugomvi utaanza kabla ya arobaini. Hapo dawa inayotakiwa ni kikao: mjomba wa ukoo aitwe, wapwa na watoto wakae pamoja, wosia uandikwe mbele ya mashahidi. Kumsaidia mzee kuitisha kikao hicho ni sehemu ya tiba shufaa sawasawa na kumpa kidonge.

Tukija kwenye maumivu ya mwili, dawa inayozungumzwa zaidi ni morfini ya maji, inayonywewa. Inaogopwa sana, na naona hofu hiyo inawatesa wagonjwa kuliko dawa yenyewe. Wapo wanaosema ni ya kulevya, wapo wanaosema ukipewa hiyo ujue unasindikizwa. Ukweli ni kwamba inapotolewa kwa ajili ya maumivu, kwa kipimo kilichopangwa na mtaalamu, ni nadra kumtia mgonjwa uraibu. Inasimamiwa kwa sheria kali, kwa hiyo hutaikuta duka la dawa la mtaani. Nguvu yake hudumu kama saa nne, ndiyo maana mgonjwa hapewi "akisikia maumivu" tu bali kwa saa zake: kumi na mbili asubuhi, nne, nane, kumi na mbili jioni, nne usiku. Dozi ya usiku huenda daktari akaiongeza ili mtu apitilize hadi alfajiri. Siku mbili tatu za mwanzo mgonjwa husinzia, kisha huzoea. Kisichozoeleka ni kufunga choo, kwa hiyo morfini iende pamoja na dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza. Familia nyingi haziambiwi hili, na mgonjwa anateseka kwa tumbo wakati mgongo umetulia.

Mama yangu mkubwa alifia kijijini, wilaya ya Masasi, kwa saratani ya titi. Kidonda kilikuwa kimefunguka na kilinuka. Sipendi kulisema, lakini ndilo lililomuumiza kuliko vyote. Majirani walikuja, wakakaa barazani, wakaondoka upesi. Alianza kukataa wajukuu wasiingie chumbani. Hospitali aliyotoka ilimpa paracetamol na kumtakia heri. Baadaye alikuja muuguzi mmoja, mtu mzima, akavua viatu mlangoni, akasema, "Shikamoo mama. Nimekuja kukutazama kidonda, ukiniruhusu." Akakiosha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye chumvi kidogo. Akasaga vidonge vya metronidazoli, vile wengi wanavyoviita Flagyl, mpaka vikawa unga laini, akaunyunyiza juu ya kidonda na kufunika kwa kitambaa safi. Akatuelekeza namna ya kufanya kila siku. Siku ya nne harufu ilikuwa imepungua kiasi kwamba mama mkubwa mwenyewe aliuliza, "Mbona watoto hawaji kunisalimia?"

Saratani ilikuwa palepale. Lakini tangu siku ile wajukuu walirudi kulala chini ya kitanda chake cha kamba.

Mambo mengine ya nyumbani ni madogo kuyataja na makubwa kuyafanya. Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili hivi, la sivyo nyonga na kisigino vitachubuka na kuwa vidonda. Mdomo usafishwe kwa kitambaa laini chenye maji, midomo ipakwe mafuta. Shuka isikunjamane chini yake.

Chakula ndicho kinacholeta ugomvi. Kwetu kumpenda mtu ni kumlisha, na mgonjwa akikataa uji tunaona kama anatukataa sisi. Mwili unaofunga safari hupunguza njaa na kiu wenyewe. Kumlazimisha uji aliyekwisha kushindwa kumeza ni kumpaliza, na unaweza kuingia mapafuni. Kijiko kimoja akikitaka, kitone cha maji ulimini, inatosha.

Siku za mwisho zina dalili zake. Usingizi unazidi, mikono na miguu inapoa, pumzi inakwenda haraka kisha inasimama kidogo na kurudi. Huenda mgonjwa akakata kauli. Koo linaweza kutoa mkoromo kwa sababu hawezi tena kumeza mate. Unatisha wanaosikia, lakini kwa kawaida hausumbui aliyelala. Mlaze ubavu, inua kichwa kidogo. Wauguzi hushauri kuzungumza naye kama mtu anayesikia. Hapa ndipo Waislamu humwelekeza kibla, wakamsomea Yasini na kumlakinisha shahada, na Wakatoliki humwita padri kwa mpako wa wagonjwa. Mhudumu mzuri wa shufaa huuliza mapema familia inataka nini, asije akasimama katikati ya njia ya watu na Mungu wao.

Kiswahili kina neno ambalo nalipenda sana katika jambo hili. Husemi tu kwamba mama anaumwa, unasema "nimeuguliwa na mama." Ugonjwa umekupata na wewe. Tiba shufaa inalichukua neno hilo kama lilivyo: binti anayekesha miezi sita, aliyeacha kibanda chake cha samaki pale feri, naye ni wa kuulizwa analalaje, nani anampokea zamu, anakula saa ngapi. Akianguka yeye, nyumba nzima imeanguka. Na baada ya mazishi huduma haifungi daftari siku hiyohiyo; mtu wa kupita kumjulia hali baada ya matanga kwisha anahitajika sana, kwani ndipo kelele za watu zinapokatika.

Kwa anayeruhusiwa kesho, iwe hospitali ya Ligula pale Mtwara, Sokoine pale Lindi, Ndanda au Nyangao, kabla hujakubali kubeba mgonjwa muulize daktari au muuguzi wa zamu: maumivu yakizidi usiku tumpe nini, na tutaipata wapi ikiisha? Ni nani wa kumpigia simu? Zahanati ya kijijini imepewa taarifa? Nani atakuja kumwona, na lini? Uliza pia jina la mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa kijiji chenu, mwambie mgonjwa anarudi. Majibu yaandikwe kwenye karatasi, na dawa ihesabiwe kwa kufikiria masika: Mei 2024 mvua za Kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar es Salaam upande wa Kilwa, na maumivu hayangoji daraja lijengwe.